Mashine ya kusagia kahawa nyumbani: ninunue ya mkono au ya umeme?

Mwana wa Marangu, Moshi

Salaam kwenu, ndugu wanajukwaa. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha ambayo sitaipata tena mapema.

Kila msimu napata debe moja la kahawa kutoka kihambani kwa baba, Marangu, ambayo mama huikoboa kwa kinu na kuipeta kabla sijaifuata. Kwa miaka mingi nilikuwa naikaanga kidogo kidogo kwenye chungu, natwanga, nachemsha na kunywa, na kwa kuwa sikuwahi kuonja nyingine niliridhika. Mwaka jana rafiki yangu alinizawadia moka ya vikombe vitatu, lile birika dogo la jikoni linalosukuma maji ya moto kupanda kupitia kahawa, pamoja na chujio la V60 na karatasi zake, na tangu siku hiyo nimekosa utulivu. Kahawa ileile, niliyoikaanga siku ileile, leo inakuwa chachu kama maji ya ndimu, kesho inakuwa chungu na inakwaruza ulimi. Juzi maji yalisimama juu ya karatasi kwa dakika saba bila kushuka, na nilichopata mwishoni hakikunyweka.

Ninasagia kwenye kile kikombe kidogo cha blenda chenye visu viwili, ambacho mke wangu anakitumia kwa pilipili manga na iliki. Nikisaga kwa sekunde kumi naona buni nyingine zimekatika vipande viwili tu. Nikiendelea hadi vipande hivyo viishe, chini ya visu kunakuwa na unga laini kama sembe, na kikombe chenyewe kimeshika joto. Nimejaribu kukitikisa wakati kinazunguka, nimejaribu kubonyeza na kuachia mara nyingi, lakini tofauti ni ndogo.

Bajeti yangu ni shilingi 250,000, na ninaweza kufika 300,000 nikionyeshwa sababu ya kufanya hivyo. Kwa fedha hiyo madukani naona mashine za umeme zilizoandikwa kuwa ni za kahawa, ingawa nyingi nikizifungua nakuta visu vilevile vya blenda. Mtandaoni naona za mkono, mfano wa chupa ndefu ya chuma yenye mpini juu, na bei yake inakaribiana na hizo za umeme au hata kuzizidi. Nakiri kwamba naona vigumu kulipa kiasi hicho kwa kitu cha kuzungusha kwa mkono wakati umeme upo ukutani.

Nyumbani tuko wawili na mtoto wa miezi minane ambaye hulala hadi saa moja asubuhi, nami huamka saa kumi na moja. Jumapili ndugu hutembelea na tunafika watu sita. Je, kwa hali hiyo ninunue ipi, na niangalie nini kwenye mashine yenyewe ili nisije nikanunua jina au rangi?

Mchoma Buni, Nairobi

Ndugu yangu wa Moshi, umelieleza tatizo lako hadi jibu limejitokeza lenyewe. Ulipoona buni zilizokatika vipande viwili na chini yake unga kama sembe, uliona kwa wakati mmoja sababu ya ule uchachu na sababu ya ule uchungu. Maji ya moto yanapoingia kwenye kahawa hutangulia kutoa vile vyenye uchachu, kisha utamu hufuata, na uchungu na ukakasi huja mwishoni. Punje ndogo huachia vyote hivyo kwa muda mfupi mno, ilhali punje kubwa hulowa kwa nje na kiini chake kinabaki kama kilivyokuwa. Kikombe chako kwa hiyo kina kahawa mbili, moja imepitiliza na nyingine haijafika, na ukiongeza muda ili kuiokoa hii ya pili unaizidishia uchungu ile ya kwanza. Yale maji yaliyosimama dakika saba yalizuiwa na vumbi lililoziba vitundu vya karatasi.

Visu vya blenda havisagi, vinapiga. Fikiria mashine ya kusaga mahindi ya nyundo, ambayo nayo hupiga ovyo, lakini chini yake kuna chekeche, na punje haitoki hadi iwe ndogo kiasi cha kupenya tundu la chekeche. Blenda haina chekeche. Punje iliyokwisha kuwa unga inaendelea kupigwa sambamba na ile iliyokwepa, na wewe huna pa kuweka kipimo isipokuwa saa. Hata ukinunua yenye picha ya buni ubavuni, kama ndani ina visu umenunua blenda nyingine ndogo.

Unachotafuta ni mashine ya meno. Hiyo ni ndugu wa jiwe la kusagia la mabibi zetu: kuna sehemu iliyotulia na sehemu inayozunguka, na punje hushuka katikati yake, ikavunjwa juu na kukatwa chini, kisha ikatoka pale tu inapolingana na nafasi iliyoachwa kati ya meno. Ukiipanua nafasi hiyo unapata chenga, ukiibana unapata unga. Meno yapo ya umbo la pia, yaani koni, ambayo ndiyo utakayoyakuta kwenye karibu kila mashine ya mkono, na yapo ya bapa, ambayo ni ya kawaida zaidi kwenye mashine za umeme za bei ya juu kama Fellow Ode, yenye meno ya milimita 64. Kwa bajeti yako usipoteze usingizi kuchagua kati ya pia na bapa.

Sasa nije kwenye bei inayokutatiza. Mtengenezaji wa mashine ya umeme anapaswa kuigawa fedha yako kwa mota, gia, swichi, waya na kasha, na kinachosalia ndicho kinachonunua meno. Kwenye mashine ya mkono mota ni mkono wako, kwa hiyo karibu fedha yote inaingia kwenye meno, mhimili na beringi, vitu ambavyo kahawa inavigusa au vinavyoyashika yale yanayoigusa. Ndiyo maana kwa shilingi 250,000 mashine ya mkono husaga kwa usawa ambao ya umeme ya bei hiyo haiufikii. Mashine ya umeme ninayoweza kumpendekezea mtu wa nyumbani bila wasiwasi ni Baratza Encore, yenye meno ya pia ya milimita 40 na hatua 40 za kurekebisha, ambayo vipuri vyake huuzwa kimoja kimoja. Lakini hiyo itakupita bajeti hata kabla hujalipia usafiri na ushuru.

Kitu cha kwanza cha kukagua ni mhimili. Ukiweza kuishika mashine kabla ya kulipa, fungua chombo cha chini kinachopokea unga, lishike jino la katikati kwa vidole viwili, ulisukume kushoto na kulia. Likicheza ukasikia linagonga, irudishe. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mashine yangu ya kwanza ya mkono ilikuwa ya meno ya kauri, na mhimili wake ulishikwa juu tu, chini ukawa huru. Nilipokuwa nasaga laini haikuonyesha ubaya wake, maana meno yakikaribiana hulazimika kukaa katikati. Nilipolegeza ili nisage kwa ajili ya planja, lile birika la kusukumia machicha chini kwa chujio, jino likawa linaning'inia na kuyumba, upande mmoja ukaachia mabonge na upande mwingine ukatoa vumbi, na kwa miezi kadhaa nikawa nalaumu kahawa za watu. Mashine nzuri ina beringi mbili, moja juu na moja karibu na meno, na ukizungusha mpini bila buni unazunguka kimya kimya bila kukwama popote.

Kauri yenyewe haina kutu na ni ngumu sana, ila hupasuka ikigonga kitu kigumu, na makali yake huponda zaidi kuliko kukata. Chuma cha pua kilichochongwa vizuri hukata, na mkono wako utaijua tofauti hiyo, hasa kwa buni za milimani kama zenu za Marangu au hizi zetu za Nyeri ambazo ni ngumu, na ukizikaanga kidogo tu zinabaki ngumu zaidi. Gramu 20 kwenye meno mazuri ya chuma ni kazi ya dakika moja hivi. Kwenye kauri ndogo niliyokueleza nilikuwa natoka jasho.

Timemore C2 ya China inaingia kwenye bajeti yako na hubeba gramu 20 hadi 25 kwa mara moja. Za 1Zpresso kutoka Taiwan ziko juu yake kidogo au sana kutegemea aina, na Comandante C40 ya Ujerumani ni nzuri kweli, lakini hutaweza kuonja tofauti inayolingana na fedha yake kabla hujazoea kukaanga kahawa yako kwa usawa. Usiongeze hata senti kwa ajili ya neno espreso lililoandikwa kwenye boksi. Espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, hutengenezwa kwa mgandamizo wa takriban bari 9, na inadai hatua ndogo mno za kurekebisha, ilhali moka yako hufanya kazi kwa bari 1 hadi 2 tu na haina ukorofi huo.

Fundi wa Sakina, Arusha

Nakubaliana na ndugu wa Nairobi, nami nataka kuongeza yale ninayoyaona mezani kwangu, kwa kuwa ninatengeneza vifaa vya umeme vya jikoni na mashine za kahawa huletwa kwangu zikiwa zimekwisha kuharibika.

Wengi hupata mashine kutoka kwa ndugu aliye Marekani, wakaichomeka ukutani kwa adapta ya pini tatu, ikanguruma kwa nguvu ya ajabu na kutoa moshi. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu. Kule umeme ni volti 120 na mzunguko wa 60 kwa sekunde, kwetu ni volti 230 na mzunguko wa 50 kwa sekunde, na mota iliyosukwa kwa ajili ya ule haivumilii huu. Transfoma ya kushusha volti itasaidia, lakini mzunguko haiubadilishi, na mota nyingine hukimbia polepole kuliko zilivyokusudiwa na kupata joto. Kabla hujakubali zawadi ya aina hiyo, mwombe ndugu akupigie picha kibandiko kilicho chini ya mashine, usome volti zilizoandikwa pale.

Jambo la pili linamhusu Mwana wa Marangu moja kwa moja, na sijaona mtu aliyeligusa. Kahawa iliyoanikwa na kukobolewa nyumbani huwa na mawe. Haijalishi mama ni mwangalifu kiasi gani, kijiwe cha ukubwa na rangi ya buni iliyokaangwa hupita machoni. Mwaka huu nimeletewa mashine ya umeme ambayo meno yake yalikuwa yamevunjika sehemu tatu, na ndani nikakuta kipande cha jiwe kikubwa kama punje ya dengu. Mwenye mashine aliniambia alisikia mlio mmoja mkali, kisha mota ikanyamaza, naye akabonyeza swichi tena na tena akidhani umeme umepungua. Kwenye mashine ya mkono jiwe likinasa unalihisi papo hapo kwa kiganja, unasimama, unarudisha nyuma, unamwaga. Kwa mtu anayesaga kahawa ya kwao, hiyo kwangu ni sababu kubwa kuliko bei ya kuchagua ya mkono.

Kwa hiyo, ndugu, mwaga kahawa kwenye ungo mara mbili: mara ya kwanza ikiwa mbichi, kwa sababu jiwe huonekana upesi kwenye kahawa ya kijani, na mara ya pili ikiwa imekaangwa na kupoa, ili uyatoe makapi na zile buni nyeupe nyeupe ambazo hazikuiva.

Usioshe meno ya chuma kwa maji. Brashi ndogo kavu mara moja kwa wiki inatosha. Ushauri wa kusaga mchele ili kusafisha unazunguka sana, nami sikushauri kuufuata, kwa sababu mchele mkavu ni mgumu kuliko kahawa na kwenye mashine ndogo unaweza kuukaza mhimili hadi ukwame.

Bi Mdila, Mombasa

Mwanangu wa Marangu, nimesoma yote waliyoandika ndugu zako na sina la kuwapinga katika hizo kahawa za karatasi. Lakini naona mnazungumza kana kwamba kinu na mchi vilikuwa ni makosa, nami ninakunywa kahawa tungu iliyotwangwa tangu nina akili zangu.

Kahawa yetu haipiti kwenye karatasi. Tunaikaanga hadi ing'ae, tunaitwanga, tunaichemsha kwenye mdila pamoja na tangawizi, wengine na iliki, kisha tunaiacha itue na kuimimina kwenye vikombe vidogo taratibu ili machicha yabaki chini. Chenga kubwa huchemka muda mrefu hadi nazo zitoe kilichomo, na uchungu ndio tunaoutaka, kwa sababu pembeni kuna kashata au tende. Kwa unywaji huo kutolingana kwa punje hakuharibu kitu, na shilingi ya mashine ni shilingi iliyopotea. Nawaona jamaa zangu walioko Muscat nao wana mashine za kila namna majumbani, na bado kahawa ya heli, yaani ya iliki, wanaisaga kwa chenga bila kuipima kwa hatua.

Basi usikiuze kinu chako. Jumapili wakija ndugu, watwangie na uwachemshie, na hiyo mashine iwe ya asubuhi yako wewe na mkeo. Na ninakuomba sana usisagie iliki wala tangawizi kavu ndani ya mashine ya kahawa. Nyuzi za tangawizi hujisokota kwenye meno, na mafuta ya iliki hayaondoki kwa brashi, kila kikombe kitakuja na harufu hiyo, utake usitake. Blenda ya mkeo mwachie mwenyewe aendelee na viungo vyake.

Mwana wa Marangu, Moshi

Shikamoo, Bi Mdila. Nashukuru kwa kunikumbusha, na kinu hakiendi popote.

Ndugu Mchoma Buni na ndugu Fundi, mmenishawishi kuhusu ya mkono. Nimebaki na mambo mawili. Kwanza, nikisaga kwa ajili ya moka leo na kwa ajili ya karatasi kesho, nitajuaje pa kuweka meno, maana naona kila mtu mtandaoni anataja namba yake? Pili, wapo ndugu wasiopenda kahawa ya kuchemshwa, na siku wakija nitasagaje ya watu sita kwa chombo cha gramu 25?

Mchoma Buni, Nairobi

Namba za watu zitakupotosha, kwa sababu hatua 20 za mashine moja si hatua 20 za nyingine, na hata mashine mbili za aina moja huweza kupishana kidogo. Tafuta sifuri ya mashine yako mwenyewe. Ikiwa tupu, kaza rekebisho polepole hadi mpini ugome kuzunguka kwa uzito wake, kisha anza kuhesabu mibofyo, yaani kila hatua inayolia, ukilegeza kutoka hapo, na uandike kwenye karatasi uibandike kabatini.

Kwa moka, unga uwe laini kidogo kuliko chumvi ya mezani, usifike kuwa kama sembe. Kwa V60 lenga ukubwa wa punje za sukari yetu ya kawaida. Ukija kununua planja, iwe kama chumvi ya mawe iliyotwangwa. Huo ni mwanzo tu. Baada ya hapo shikilia kipimo kimoja, kwa mfano gramu 15 za kahawa kwa mililita 250 za maji, usibadilishe kitu kingine chochote isipokuwa hatua ya kusagia. Maji yakimaliza kushuka kabla ya dakika mbili na kahawa ikawa chachu na nyepesi, kaza mibofyo miwili. Yakipita dakika nne na ulimi ukakwaruzwa, legeza miwili. Watu wengi hubadilisha kahawa, maji na usagaji siku moja, kisha hawajui ni kipi kilichowaponya.

Kuhusu watu sita, vikombe sita vya mililita 150 ni mililita 900, na kwa kipimo hicho unahitaji gramu 54. Hiyo ni mijazo mitatu midogo, kama dakika nne za kuzungusha. Isage yote, iweke kwenye bakuli lenye mfuniko, kisha chemsha maji. Kahawa iliyosagwa dakika kumi kabla haijapoteza kitu utakachokihisi. Ile ya kusaga Jumapili kwa ajili ya wiki nzima ndiyo ninayokukataza, maana harufu unayoisikia ukifungua kopo Jumatano ni ile iliyopaswa kuwa kikombeni.

Jambo dogo ambalo litakuudhi siku za ukame: unga hurukia kuta za chombo na kung'ang'ania kwa sababu ya umeme tuli. Lowesha ncha ya mpini wa kijiko kwa maji, ukoroge buni mara moja kabla ya kuzitia kwenye mashine. Tone moja linatosha.

Mwana wa Marangu, Moshi

Ndugu zangu, narudi na taarifa baada ya wiki tatu, kwa sababu nadhani ni haki kwenu mliotumia muda kuniandikia.

Nilichukua Timemore C2, iliyoletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Kabla ya kuinywea nilifanya jaribio moja mezani. Nilipima gramu 15 za kahawa, nikazisaga kwenye blenda hadi mabonge yakaisha, nikazichekecha kwa lile chujio la chai la waya mwembamba juu ya karatasi nyeupe, nikigonga ukingo mara hamsini. Kisha nikafanya vilevile kwa gramu 15 nyingine nilizosaga kwa mkono kwa ukubwa wa sukari. Vumbi la blenda lilijaza kijiko cha mezani na kubaki. La mashine ya mkono halikufika nusu ya kijiko cha chai. Mke wangu, ambaye hadi dakika hiyo alikuwa upande wa umeme, alikichukua kidole akakipitisha kwenye lundo la kwanza, kisha la pili, na kusema hili la pili lina punje, lile ni majivu.

Kikombe cha kwanza cha V60 kilishuka kwa dakika moja na nusu na kilikuwa chachu, kama ndugu Mchoma Buni alivyotabiri. Nilikaza mibofyo miwili, kisha miwili mingine, na siku ya tatu maji yalimaliza kwa dakika mbili na sekunde hamsini. Sijui nieleze vipi nilichokionja. Kahawa ya baba ina utamu wa mbali unaofanana na miwa, ambao sikuwahi kuujua katika miaka yote ya kuinywa, na nilipomaliza nilibaki nimekishika kikombe kitupu mkononi. Mtoto hakuamka. Mlio wa mashine ni mdogo kuliko wa birika likianza kuchemka.

Ndugu Fundi, ungo umenipa mawe manne kutoka debe lile, moja likiwa limejificha ndani ya ganda ambalo halikukobolewa, na kwa macho lilikuwa buni kabisa. Nimelihifadhi kwenye kikopo ili nimwonyeshe mama.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Marangu na mashine mkobani. Mama alikaa barazani, akaibana magotini kama anavyobana bakuli la kukunia nazi, akazungusha hadi mpini ukawa mwepesi. Akafungua chombo cha chini, akanusa, akamwita baba aje anuse. Baba amelima kahawa tangu kabla sijazaliwa, na karibu yote imekwenda mnadani. Alikunywa vikombe viwili bila sukari, kisha akauliza kama ile miche ya zamani ya juu ya mfereji naweza kuvuna na kuanika peke yake msimu ujao, tuionje mbali na nyingine.

Kwa hiyo nina swali jipya, ambalo nitalifungulia mada yake ili lisichanganyike na hili: nikianika kilo tano tu za kahawa ya maganda kwenye kichanja kidogo nyumbani, nitajuaje kwamba imekauka ya kutosha kukobolewa bila kuwa na kipimo cha unyevu? Ndugu Mchoma Buni, naomba uwe wa kwanza kunijibu. Bi Mdila, nakuomba nawe unipe kipimo chako cha tangawizi kwa lita moja, maana Jumapili hii wageni ni tisa na kinu kimekwisha kuoshwa.